Kipokea Sauti na Mpokeaji: Uhakiki wa Hedifoni Isiyo na Waya, Njombe na Makambako

Kurasa hizi zimezoea kuhakiki shairi, riwaya, tamthilia na utenzi, na yamkini msomaji atashangaa kukuta hapa uhakiki wa chombo cha dukani. Sitaomba radhi ndefu. Fasihi yetu ilikuwa ya sikio kabla haijawa ya jicho, na hata leo mashairi mengi ya Kiswahili humfikia mtu kwa sauti kabla ya kumfikia kwa wino. Basi chombo kinachosimama kati ya koo la mwimbaji na sikio la msikilizaji kinastahili kuhojiwa kama tunavyomhoji mhariri, mfasiri au mpiga chapa. Kwa kuwa kila mmoja wa hawa, apende asipende, huongeza kitu katika kazi ya mtunzi na hupunguza kitu.

Chombo ninachokusudia ni hedifoni isiyo na waya ya daraja la juu: ile inayofunika sikio zima kwa mto laini, inayopokea sauti kutoka katika simu kwa mawimbi, na inayojigamba kuwa inaweza kuufuta ulimwengu wa nje kwa kubonyeza kitufe kimoja. Jamaa zake mashuhuri ni Sony WH-1000XM5 iliyotoka mwaka 2022, Bose QuietComfort Ultra ya mwaka 2023, Sennheiser Momentum 4, na AirPods Max ya Apple, ambayo ilipotoka mwezi wa Desemba 2020 ilitakiwa dola 549, yaani zaidi ya shilingi milioni moja. Niliyoitumia mimi ni ya ukoo huo huo, na jina lake nitalisitiri ili sifa zangu zisigeuke kuwa tangazo wala lawama zangu zisigeuke kuwa kesi. Niliazimwa na kijana aliyekuwa mwanafunzi wangu zamani, ambaye sasa anafanya biashara ya mbao. Aliinunua kwa faida ya shehena moja, na aliinikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto.

Wauzaji wa vyombo hivi husifu mambo matatu: sauti, kiungo na sura. Nitayapitia hayo hayo, lakini si kwa mizani sawa, maana hayana uzito sawa.

Nilianza na sauti, usiku, mjini Njombe, katika mwezi wa Julai. Anayeujua mji ule hahitaji kuelezwa baridi ya mwezi huo. Mji umekaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri nyingine mtu huona umande umeganda juu ya majani ya viazi kama chumvi iliyomwagwa. Usiku kama huo hapana anayepita njiani. Nilijifunika blanketi mbili, nikaweka hedifoni masikioni, nikaanza na sauti ninayoihusudu kuliko zote, sauti ya Siti binti Saad, katika santuri zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928.

Kwa miaka mingi nimezisikiliza sauti hizo kwa spika ndogo ya simu au ya kompyuta. Nilidhani nazijua. Usiku ule nilitambua kuwa nilikuwa nikijua lahani tu, kama mtu anayejua nyumba kwa paa lake. Kwanza nilisikia santuri yenyewe: mchakarisho wa sindano juu ya sahani, kama mafuta yanapoanza kushika moto katika kikaango. Nyuma ya mchakarisho huo udi ulijitenga na fidla, kila kimoja kikawa na mahali pake. Kisha ikaja sauti, na katika sauti nikasikia kitu ambacho spika ndogo haikupata kunipa, yaani pumzi. Siti huvuta pumzi kabla ya irabu ndefu kwa namna ya mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuingia, na pale pumzi inapochelewa, neno linalofuata hubeba uzito mkubwa zaidi. Hilo si jambo la muziki peke yake. Ni jambo la vina na mizani, kwa kuwa pumzi ndiyo inayoonyesha mahali mwimbaji mwenyewe alipoona kituo. Liko neno moja ambalo nilikuwa nimeliandika kwa shaka katika daftari langu, na pembeni nikalitilia alama ya kuuliza. Usiku ule neno lilisimama wima, konsonanti zake zote mbili zikasikika, nami nikaifuta alama ile kwa furaha ya kitoto.

Kwa kazi hiyo ya kunakili na kuhakiki matini ya sauti, sijapata kutumia chombo kilicho bora kuliko hiki, na mwanafunzi yeyote anayekusudia kuandika tasnifu juu ya taarabu ya zamani na afanye hila ya kukiazima.

Walakini chombo hiki nacho kina kalamu yake. Viwanda vya hedifoni za siku hizi hupenda kunenepesha sauti nzito, ile tunayoiita besi, kwa sababu mnunuzi wa dukani huvutwa nayo katika dakika ya kwanza. Santuri za mwaka 1928 zilirekodiwa kwa mtambo wa umeme uliokuwa umeanza kutumika mwaka 1925, na mtambo huo haukuweza kunasa besi nyingi. Chombo kinaponenepesha kitu ambacho hakikuwamo, Siti huonekana kana kwamba anaimba ndani ya mtungi. Ilinilazimu kuingia katika programu yake kwenye simu na kupunguza besi mpaka sauti ikakonda na kurudi kuwa ya binadamu. Mfasiri aliyeongeza ubeti wake katikati ya utenzi wa mwenziwe tungemkaripia. Huyu mwenzetu wa plastiki na ngozi bandia hufanya hivyo kila siku, na husifiwa.

Kuna jambo jingine nililolihisi usiku ule, na ndilo lililonishughulisha kwa siku zote zilizofuata. Siti alipokuwa Ng'ambo ya Unguja aliimba mbele ya watu waliomjua: watu waliotambua fumbo limelengwa kwa nani, walioitikia, waliochekelea, waliosimama kwenda kumtunza pale mshale ulipofika. Watu wale hawakupakiwa melini kwenda Bombay pamoja naye. Ndani ya chumba cha kurekodia aliimbia kipaza sauti na mtambo, kwa muda wa dakika tatu au nne zilizotosha upande mmoja wa santuri. Basi mimi niliyelala Njombe chini ya blanketi mbili, peke yangu, masikio yamefungwa, nilikuwa msikilizaji aliyefanana hasa na mtambo ule wa Bombay. Nilipata kila kitu kilichotoka kinywani mwake, nami sikumrudishia kitu.

Asubuhi nilipanda basi kwenda Makambako, mwendo wa kilomita 60 hivi. Barabara hupita kati ya misitu ya kupandwa, na kila baada ya kitambo mtu huona magogo yamepangwa kando kama vitabu. Nilikuwa nimevaa mzula kichwani kwa ajili ya baridi, na hapo ndipo nilipoijua taksiri ya kwanza ya sura. Chombo kilichosanifiwa kwa kichwa kitupu hakipatani na sufu. Mto wa hedifoni unapokaa juu ya mzula, baridi haiingii lakini kelele huingia, kwa kuwa kufuta kelele kunahitaji sikio lizibwe pande zote. Na ukikaa chini ya mzula, vitufe hubonyezwa na sufu na wimbo hukatika bila ya amri ya mtu. Nadhani mwanamke aliyejifunga kilemba hukutana na mashaka kama hayo. Nikavua mzula, nikachagua muziki, nikafumba macho.

Nilikuwa nikisikiliza kwaya moja ya nyanda hizi za juu, wimbo wa kiongozi na waitikiaji, na nilikuwa nikistaajabia jinsi hedifoni inavyozipanga sauti: wanawake wa sauti ya kwanza mkono wa kushoto, sauti ya pili karibu na katikati, wanaume mbali kidogo mkono wa kulia, hata nikajiona nimesimama mahali pa mwalimu wa kwaya. Ghafla nilihisi kidole begani. Nilipofumbua macho, bibi mmoja aliyeketi kando yangu alikuwa akinitazama kwa huruma. Nilivua hedifoni.

"Nimekuamkia kamwene mara tatu, mwanangu," alisema. "Nikadhani umefunga masikio kwa baridi."

Nilimpa shikamoo kwa haraka ya mtu aliyefumaniwa. Aliipokea, akauliza ninasikiliza nini peke yangu. Sikuwa na jibu zuri kuliko kumpa asikie mwenyewe. Zamani jambo hilo lilikuwa jepesi: visikizi vya waya vya bei ndogo vina vichwa viwili, na ni desturi ya vijana kugawana, mmoja kulia, mmoja kushoto, waya ukiwafunga pamoja kama ng'ombe wa plau. Hedifoni ya daraja la juu haigawanyiki. Ama ni yako yote ama ni ya mwenzako yote. Nikampa yote, nikampangia juu ya kitambaa chake cha kichwa kadiri nilivyoweza.

Bibi alinyamaza kwa muda, akatabasamu, na kiongozi alipofika mahali pa kuitikiwa, akaitikia. Aliitikia kwa sauti kubwa sana, kama afanyavyo mtu asiyejisikia mwenyewe. Abiria wakageuka. Utingo akacheka. Lakini wanawake wawili waliokuwa kiti cha nyuma waliutambua wimbo kwa kipande kile kimoja, na zamu ya pili ilipofika waliitikia pamoja naye. Hawakumsikia kiongozi hata kidogo. Kiongozi alikuwa ndani ya masikio ya bibi tu. Waliitikia wimbo ambao nusu yake ilikuwa imefichwa, na walijua kwa hakika mahali pa kuingia kwa kumwangalia bibi mabegani. Beti tatu zilikwenda hivyo. Kisha bibi akavua hedifoni, akanirudishia, akatoa hukumu ambayo katika miaka yangu ya kusoma uhakiki sijakuta iliyo fupi na kamili kama hiyo:

"Inaimba vizuri. Ila haipokei."

Msomaji atanivumilia nikisimama hapa kwa kitambo. Katika Kiswahili cha vitabu na cha watangazaji, hedifoni huitwa kipokea sauti. Waliotunga jina hilo walichukua *kupokea* kwa maana ya kutwaa kile unachopewa, kama mtu anavyopokea barua au mzigo. Lakini kitenzi hicho katika ngoma, katika kwaya na katika utungo kina maana nyingine, nayo ina mizizi mirefu: kupokea wimbo ni kuuchukua pale kiongozi alipouacha na kuurudisha kwake ukiwa umejaa. Kutokana na maana hiyo ushairi wetu una kipokeo, mstari unaorudi mwisho wa kila ubeti ili wengi wauseme. Mtunzi anayejua kazi yake huacha nafasi kwa ajili ya kipokeo, na nafasi ile ni sehemu ya shairi kama mlango ulivyo sehemu ya ukuta. Kwa maana ya kwanza, hedifoni hii ni kipokea sauti hodari kupita vyote vilivyopata kuwako. Kwa maana ya pili haipokei kabisa, na, jambo lililo zito zaidi, humzuia aliyeivaa asipokee, au ikiwa atapokea, humfanya awe kichekesho ndani ya basi.

Nilifika Makambako nikiwa nimejiandaa kuilaumu. Makambako ndiyo njia panda ya kusini: barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma hupita hapo, ile ya Njombe na Songea huchomoka hapo, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina stesheni yake hapo. Malori husimama yakiunguruma, mabasi huingia na kutoka, mashine za mbao hulia kwa mbali. Nikasema moyoni: hapa ndipo pa kuipima sifa yake kubwa.

Namna inavyofuta kelele ni hivi. Vipaza sauti vidogo vilivyofichwa katika kuta zake husikiliza kelele ya nje. Mtambo hutengeneza wimbi lililo kinyume chake, kilele kikikutana na bonde. Na mawimbi mawili hayo yakikutana sikioni huuana. Fikra ya kuua sauti kwa sauti iliandikiwa hati ya uvumbuzi na Mjerumani Paul Lueg katika miaka ya 1930. Aliyeifikisha masikioni mwa wasafiri ni Amar Bose, ambaye mwaka 1978, akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich, alichoshwa na ngurumo ya injini iliyofunika muziki wake, akaanza kupiga hesabu kabla ndege haijatua. Kwa hiyo chombo hiki kilizaliwa ndani ya ndege, na adui kilichofundishwa kumjua ni injini: sauti nzito, ya mfululizo, isiyobadilika. Sauti inayopanda na kushuka ghafla, hasa sauti ya mtu, humponyoka kwa sehemu kubwa.

Nilisimama stendi, nikabonyeza kitufe bila ya kucheza muziki wowote. Ngurumo ya malori ilishuka kama maji yanavyoshuka katika beseni lililotobolewa. Juu ya ukimya ule, wazi kuliko nilivyopata kuwasikia maishani, walibaki wapiga debe.

Nimewapita watu wale kwa miaka mingi nikiwahesabu katika fujo. Sasa injini zilikuwa zimeondolewa chini yao, na nilisikia kazi yao. Mpiga debe mmoja alikuwa akiita majina ya miji, na baada ya muda nilijikuta nikihesabu kwa vidole. Songea, Iringa, Mafinga: majina ya mizani tatu tatu, kila moja mkazo wake katika mizani ya pili, yakifuatana kama hatua za mtu mmoja. Njombe na Mbeya ni ya mizani mbili mbili, na kama angeyaita yalivyo, mwendo ungechechemea. Hakuyaita yalivyo. Njombe aliivuta mwishoni ikapata mizani ya tatu. Mbeya aliitanguliza kwa "ya", ya Mbeya, ya Mbeya, ikatimia. Jina la Makambako lenyewe, lenye mizani nne, hakuliita kamwe, kwa kuwa abiria wote walikuwa wamekwisha kufika. Mwenzake wa upande wa pili wa basi alingoja pengo, akalijaza kwa neno moja, naye wa kwanza akaendelea. Kwa lugha ya darasani, mmoja alikuwa akiongoza na mmoja akipokea. Tunawafundisha wanafunzi mizani kwa kutumia tenzi za karne zilizopita, na tunafanya vyema. Lakini pale stendi palikuwa na mizani hai, yenye sababu ya kiuchumi ya kuwa sahihi, kwa maana jina likichechemea abiria hugeukia basi jingine.

Kwa haki, basi, lazima niseme kwamba chombo nilichokwenda kukilaumu ndicho kilichonipa jambo lile. Kilitengenezwa kuufukuza ulimwengu, na kwa sababu ya upungufu wa ufundi wake kilimfukuza lori na kumwacha mtunzi. Mafundi wanajitahidi kuurekebisha upungufu huo, na kila toleo jipya husifiwa kuwa linapunguza sauti za watu zaidi ya lililotangulia. Nadhani wanaharibu.

Kiungo sitakaa nacho sana kwa upande wa ufundi. Mawimbi yanayounganisha simu na hedifoni huitwa Bluetooth. Yalibuniwa katika kampuni ya Ericsson huko Sweden katika miaka ya 1990, na jina ni la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya kumi, anayesifiwa kwa kuwaunganisha watu wake. Huvuka mita kumi hivi bila ya taabu. Sauti hubanwa ili ipite: santuri ya CD hutoa kilobiti 1,411 kwa sekunde, na njia ya kawaida ya Bluetooth hupitisha 328 hivi, njia iliyo bora, iitwayo LDAC, hufika 990 pale hewa inapokuwa nyeupe. Kwa sauti ya Siti tofauti hiyo sikuisikia. Santuri ya zamani ni maskini asiyeweza kuibiwa.

Lakini kuna hasara moja ya kiungo hiki ambayo sijaona ikitajwa katika sifa za madukani, na kwa watu wa nyanda hizi si ndogo. Simu nyingi zenye redio ya FM hazina antena ya kunasia mawimbi ya redio; antena yao ni waya wa visikizi. Ukichomeka waya, redio huimba, ukiuchomoa, hunyamaza. Waya ule, basi, uliokuwa ukilaumiwa kwa kujisokota mfukoni, ulikuwa na kazi mbili: kuipeleka sauti sikioni na kuinasa kutoka hewani. Aliyeukata waya ameikata redio pamoja nao. Mwenye hedifoni ya shilingi milioni moja, akiwa kwenye shamba la viazi nje ya Njombe, hana budi kununua bando la intaneti ili asikie kituo ambacho jirani yake mwenye visikizi vya bei ya soda mbili anakipata bure.

Na redio kwetu haikuwa chombo cha habari tu. Tangu Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, na baadaye Radio Tanzania Dar es Salaam tangu mwaka 1965, redio moja ilitumika kukusanya nyumba nyingi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili nchini katika vikundi vya kusikiliza, kwa majuma 12. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadiliana, kisha kikaenda kuchimba choo au kufyeka majani karibu na nyumba. Kwa kipimo cha yule bibi, huko ndiko kupokea: sauti iliondoka Dar es Salaam ikarudishwa kwa majembe.

Hata wale waliotangulia kutengeneza muziki wa mtu mmoja waliona aibu kidogo. Sony ilipotoa Walkman yake ya kwanza mwaka 1979, iliipa matundu mawili ya hedifoni, ili wawili wasikilize pamoja, na kitufe cha rangi ya machungwa ambacho kikibonyezwa hupunguza muziki na kuwaruhusu wazungumze kwa kipaza sauti. Mkuu wa kampuni, Akio Morita, alihofu kuwa kusikiliza peke yako mbele ya mwenzako ni utovu wa adabu. Wanunuzi hawakuwa na hofu hiyo, na katika matoleo ya baadaye kitufe kile kiliachwa. Nilipokisoma kisa hicho nilimkumbuka bibi na kamwene zake tatu.

Juu ya sura nina machache ya kuongeza. Vijana wengi wa Makambako niliowaona na hedifoni za aina hii walizivaa shingoni, si masikioni, kama mkufu. Na nilipokaribia niligundua kuwa nyingi hazikuwa zimewashwa. Silidharau jambo hilo. Kidani nacho hakitoi sauti. Nyingine nyingi zilikuwa za kuiga: chapa ya kampuni kubwa imegongwa ubavuni, umbo limenakiliwa mpaka kwenye mshono, na bei yake haifiki sehemu ya kumi ya ile ya asili. Nilinunua moja katika kibanda kimoja kwa ajili ya kulinganisha. Kitufe cha kufuta kelele kipo, na kikibonyezwa taa ya kijani huwaka. Kelele haiondoki hata chembe. Wahakiki tunawajua watunzi wa namna hiyo: vina vimetimia, mizani imetimia, taa inawaka. Lakini niongeze kwa uadilifu kwamba ile ya kuiga ilikuwa na tundu la waya, na nilipochomeka waya simu yangu ilinasa redio. Ya asili niliyoazimwa ilipewa waya wa aina yake, ambao haukuingia katika simu yangu.

Wataalamu wa Bluetooth wametangaza tangu mwaka 2022 mpango uitwao Auracast, ambao kwa huo chombo kimoja kitaweza kurusha sauti kwa hedifoni nyingi zisizo na idadi kwa wakati mmoja, na baadhi ya hedifoni mpya zimekwisha kuanza kuupokea. Nimejaribu kuwaza stesheni ya Makambako usiku, abiria hamsini wanaingoja treni iliyochelewa, wimbo mmoja katika masikio mia moja. Sijui kama niwaite hadhira. Wote watasikia mahali pa kuitikia kwa sekunde moja. Lakini atakayeitikia hatamsikia mwenziwe, na kwa mtu aliyesimama jukwaani bila ya hedifoni watakuwa watu hamsini wanaoimba, kila mmoja akidhani yuko peke yake, nusu ya wimbo isiyo na kiongozi. Yamkini itapendeza. Ningependa kuisikia mara moja.

Nilirudi Njombe jioni ile ile, nikaketi dirishani na hedifoni ikiwa ndani ya mkoba wake. Jumatatu niliirudisha kwa mwenyewe. Aliigeuza pande zote kuona kama ina mkwaruzo, kisha akaniuliza, "Mwalimu, umeipenda?"

Nikamwambia nimeipenda usiku.